Miezi Saba ya Kumwachisha Fidelis Chupa

Niliripoti kazini siku ya Jumatatu, mwezi wa Desemba, nikiwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne muda si mrefu. Kituo changu cha kwanza kilikuwa nyumbani kwa Mama Mdogo, hapa Ifakara, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kukoboa mpunga. Cheo changu hakikuandikwa popote. Mama Mdogo aliniambia, "Utanisaidia na mtoto," nami nikasema ndiyo, kwa sababu mimi nikiulizwa kitu ana kwa ana husema ndiyo kwanza, halafu nafikiri baadaye nikiwa peke yangu.

Haya nayaandika kwa ajili ya Adela, mdogo wangu. Mama Mdogo ana mimba nyingine, na Adela ndiye aliyetajwa kunirithi. Kurasa nyingine za daftari hili hazimhusu na asizifungue. Nimeyapanga kama Babu anavyosimulia kazi yake ya reli, kituo kwa kituo na mkubwa kwa mkubwa, maana na mimi nimegundua kwamba nilikuwa na vituo na wakubwa, ila sikuwa na sare.

Fidelis alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, hana nguvu ya kunyonya, kwa hiyo wiki zake za mwanzo alilishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani mpaka tumboni. Mpira ulipotolewa akajifunza chupa, na elimu yake ikaishia hapo. Kitu kingine chochote kikikaribia uso wake, kijiko, kikombe, hata pindo la kanga, mdomo ulifungwa kama duka saa ya swala ya Ijumaa. Ukilazimisha, anatapika mpaka ya jana.

Mama Mdogo alinikabidhi zana: chupa mbili, nyonyo tatu, yaani vile vichuchu vinavyokaa juu ya chupa, brashi ya kusugulia, sufuria ya kuchemshia, na kikombe kimoja cha plastiki chenye picha ya bata, kipya kabisa.

"Chupa anakunywa sita kwa siku," alisema. "Hicho kikombe usihangaike nacho. Anatapika."

"Nikijaribu kidogo?"

"Jaribu. Lakini vaa kanga ya kazi."

Nilijaribu siku hiyo hiyo. Fidelis alikipokea kikombe kwa adabu, akamtazama bata, akamwaga maziwa kwenye kiatu changu, akanirudishia kikombe. Nikajaza tena. Safari hii alikivaa kichwani kabla sijawahi kumzuia. Jioni Mama Mdogo aliporudi kutoka shuleni anakofundisha, alitukuta wote wawili tunanuka maziwa. Akasema, "Naona mmefahamiana."

Mkubwa wangu wa pili alikuwa sista wa kliniki ya watoto. Alikuwa mwanamke mrefu wa miwani asiyepandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha. Tulikwenda kupima uzito mwezi wa Januari. Adela, kadi ya kliniki ina mstari unaopanda kama njia ya mlimani, na kila mwezi wanaweka nukta kuonyesha mtoto amefika wapi. Nukta za Fidelis zilikuwa zimelala chini, zimepangana kama kunguru juu ya waya.

"Ameharisha mara ngapi tangu mje mara ya mwisho?" sista aliuliza.

"Kidogo tu," Mama Mdogo akajibu.

"Kidogo mara ngapi?"

"Mara tatu."

Sista akaichukua chupa, akaitoa nyonyo, akainusa. "Mnaichemsha?"

Mama Mdogo akanitazama mimi. "Tunachemsha," niliiambia sakafu. "Asubuhi."

"Na mchana?"

Sakafu haikujibu.

Sista alitueleza kwamba chupa ina kona ambazo brashi haifiki, na humo ndimo kuhara kunamokaa. Kikombe unakiosha kwa sabuni na maji safi, basi. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya taratibu, "Nawapa mpaka kliniki ya mwezi wa sita. Nikiona bado yuko kwenye chupa na uzito haujasogea, namlaza wodini. Akikataa kula huko, tunarudi kwenye mpira."

Njiani Mama Mdogo alipitia sokoni. Pale kwenye mafungu ya dagaa akasimama. "Ule mpira, Skola. Siku wanamwekea nilitoka nje, nilishindwa kuangalia. Sitaki kutoka nje tena."

Tangu hapo niliacha kuiona kama kazi ya likizo.

Sista alikuwa amenifundisha utaratibu palepale kwenye benchi, nami niliuandika. Mtoto akae wima, asilale mapajani. Kikombe kijae karibu na ukingo, ili asilazimike kurudisha kichwa nyuma. Ukingo uguse mdomo wa chini tu. Usimimine. Subiri avute mwenyewe. Kitu kizito kidogo ni rahisi kwake kuliko maji, maana maji yanakimbia kooni na mtoto anapaliwa. Chupa zipunguzwe moja moja, ya kulalia iwe ya mwisho. Neno "subiri" nililipigia mistari miwili, halafu nikalisahau.

Sasa nisimulie kosa langu, ambalo Babu angeliita ajali ya treni. Mwezi wa Februari nilikuwa nimechoka kuvaa maziwa. Kuna jirani aliniambia kwamba uji unapita kwenye chupa ukipanua tundu la nyonyo kwa sindano ya moto. Nikawaza, akizoea uji kwenye chupa, kesho ataupokea kwenye kikombe. Wazo lilionekana zuri sana. Nikaiweka sindano kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikapanua tundu.

Fidelis alivuta mara moja tu. Uji ulimwingia kama maji ya bomba. Akapaliwa, macho yakamtoka, uso ukabadilika rangi. Bahati Mama Mdogo alikuwa uani. Alimnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni mpaka uji ukatokea puani na kilio kikafuata. Sijawahi kukifurahia kilio kama kile.

Kwa siku tatu, Fidelis akiniona tu alikuwa anafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Nami habari ya sindano nilishindwa kuisema kwa mdomo. Niliandika barua ya kukiri, nikaiweka chini ya redio. Mama Mdogo alikuwa chumba cha pili, hatua sita kutoka nilipokaa. Asubuhi nilikuta amejibu chini ya barua ile ile kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: "Nimesoma. Ile nyonyo nimeitupa. Usirudie. Uji wako uko jikoni, njoo ule."

Mwezi wa Aprili nilipata uhamisho wa kwenda Kisawasawa, kwa Bibi na Babu, pamoja na mtoto. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke, na Bibi alihitaji mikono ya kuamia ndege, yaani kukaa shambani kutwa nzima kuwafukuza wasile mpunga. Mama Mdogo alibaki na wanafunzi wake. Aliniambia, "Mwezi wa sita mnirudishie mtu anayekunywa."

Bibi alikuwa mkubwa wa aina nyingine. Alimwita Fidelis mume wake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kiume, na aliona tatizo lote ni kwamba mume huyu amelelewa na watu wa mjini.

"Nyinyi mnambembeleza," alisema. "Mimi watoto saba niliwaachisha ziwa kwa shubiri. Ukipaka, anaonja mara moja, kesho anaomba ugali."

"Bibi, sista alisema taratibu."

"Sista ana watoto wangapi?"

Sikujua. Bibi akapaka shubiri kwenye nyonyo, akampa. Fidelis akanyonya, uso mzima ukajikunja kama karatasi, akamtazama Bibi kwa muda mrefu. Halafu akashuka mkekani, akaenda kwa hatua zake za kuyumba mpaka kwenye ndoo, akaitumbukiza chupa kichwa chini, akaitikisa majini, akaipangusa kwenye kanga ya Bibi, akarudi kukaa na kuendelea kunyonya.

Babu, aliyekuwa anasikiliza redio ikibishana habari za vyama vingi, alicheka mpaka akaizima. "Mke wangu," alimwambia Bibi, "safari hii umeolewa na fundi."

Mpaka mwishoni mwa Mei nilikuwa nimefanikiwa kuondoa chupa moja tu kati ya sita, ile ya saa kumi, na hiyo ni kwa sababu saa kumi alikuwa amelala. Nilihesabu siku kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani, nikaona zimebaki chache.

Uvunaji ukaanza. Kwetu majirani wanasaidiana kwa zamu: leo wanavuna kwako, kesho kwa mwingine. Siku ya zamu yetu walikuja wanane, wakiongozwa na Mzee Benitho, mwembamba, mwenye mundu aliouita kwa jina la mkwe wake kwa sababu ya ukali. Bibi alikuwa amepika togwa, ule uji unaotiwa kimea ukapoa na kuwa mtamu. Wakati wa kupumzika watu walikaa duara kwenye mabua, na Mzee Benitho akachota kwa kata. Utaratibu ni huu: mkubwa anaanza, anakunywa, anasema "pokea," kata inakwenda kwa anayemfuata mpaka izunguke. Hata asiyetaka anagusisha midomo kisha anapitisha. Ukimruka mtu, umetangaza mbele ya wote kwamba mna ugomvi.

Mimi hupenda kunywa nikiwa nimejificha nyuma ya mgongo wa mtu, lakini kwenye duara hakuna mgongo. Nilikunywa haraka. Fidelis alikuwa amekaa katikati ya miguu yangu. Nilikwisha waambia watu asipewe kwa kuwa anapaliwa, kwa hiyo nikaipitisha kata juu ya kichwa chake, nikampa Bibi. Duru ya pili, vivyo hivyo. Duru ya tatu kata ilipopita juu yake aliifuata kwa macho hadi mdomoni mwa Bibi. Akamgeukia Mzee Benitho, akafungua kinywa, akalia. Kilio cha njaa nilikijua, cha usingizi nilikijua. Hiki kilikuwa cha mtu aliyedhalilishwa hadharani.

Mzee Benitho akaweka mundu chini. "Huyu mna ugomvi naye?"

"Hapana, Mzee. Ana matatizo ya kumeza."

"Sijauliza kumeza, binti. Nimeuliza mbona anarukwa."

Watu wote walinitazama, masikio yakaniwaka moto. Bibi akanirudishia kata, imejaa. "Mpe, Skola."

Nikaishika kwa mikono miwili. Alikuwa amekaa wima. Kata ilikuwa imejaa hadi ukingo, na togwa ilikuwa nzito kidogo. Nikaigusisha kwenye mdomo wake wa chini na sikumimina. Nilikuwa namwona tena Fidelis wa siku ya sindano, uji ukimtoka puani. Nikasubiri. Wavunaji wanane nao wakasubiri, na ndege wakapata nafasi ya kula bila kusumbuliwa. Fidelis akainama mwenyewe, akatia mdomo wa juu ndani, akavuta. Akakohoa mara moja. Bibi akamshika bega. Akameza. Akavuta tena, akameza. Halafu akaisukuma kata kwa Bibi kwa mkono wake mchafu na kusema, "Kea."

"Sasa mambo yamekaa sawa," Mzee Benitho alisema, akachukua mundu wake akarudi kazini, kana kwamba kilichotokea ni cha kawaida.

Siku ile alikunywa duru zote. Tukafuata zamu za majirani, kila shamba na togwa yake, na chupa zikaanguka moja baada ya nyingine. Lakini kazi hii, Adela, haikupi ushindi mzima kwa mara moja. Pakaja tatizo jipya: peke yake hanywi. Umpe kata, umpe kikombe cha bata, kama hakuna duara anafunga duka. Ikabidi nyumbani tukae duara kila mara, Babu aanze, Bibi afuate, kisha mimi, kisha yeye. Babu hapendi uji, na alikuwa anaunywa mara tano kwa siku.

"Nilifanya kazi reli miaka thelathini," alilalamika, "hakuna treni iliyowahi kunisubiri ninywe ndipo iondoke."

"Kunywa, mwanaume," Bibi akamwambia, "mume wangu ana kiu."

Babu alinenepa kuliko mtoto. Chupa ya kulalia ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuondoka, na Bibi alitia mbegu za mchicha ndani yake.

Mwezi wa sita tukarudi Ifakara, na Mama Mdogo akatupeleka kliniki. Sista akampima, akaweka nukta. Ilikuwa imepanda, si sana, lakini imeacha kulala. Hakutabasamu. "Anakunywa kwa kitu gani?"

"Kikombe," Mama Mdogo akasema.

"Nione."

Nikamimina uji kutoka kwenye chupa ya chai, nikampa kikombe. Fidelis akamtazama bata. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mdomo ukafungwa.

"Fidelis, baba, kunywa," Mama Mdogo akamwambia. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. Sista alifungua daftari lake, akashika kalamu. Mimi nilijua kinachohitajika. Nilijua pia kwamba benchi limejaa kinamama mpaka mlangoni, na kwamba hapakuwa na redio ya kuweka barua chini yake.

"Sista," nilisema. "Samahani. Ni lazima unywe wewe kwanza."

"Mimi?"

"Hanywi mpaka watu wanywe kabla yake. Kwa duara. Anayeanza ni mkubwa kuliko wote, halafu anasema pokea."

Sista akavua miwani. Nikaviangalia viatu vyake, vyeupe, vimefungwa kamba vizuri sana. Kisha mwanamke mzee aliyemleta mjukuu wake akasema kutoka kwenye kona, "Kama ni ukubwa, mimi ndiye. Leteni, sijaonja kitu tangu asubuhi."

"Kikombe kimoja kwa vinywa vyote hapa kliniki hapana," sista akasema. Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini aliingia ndani, akatoka na vile vikombe vidogo vya dawa, akagawa uji kidogo kidogo kwa mkono wake mwenyewe. Habari ya kata moja na vinywa vya wavunaji sikumwambia, na wewe Adela usije ukamwambia.

Yule mzee akanywa. "Pokea." Sista akanywa. "Sukari mmezidisha," alisema, kisha, baada ya kunitazama, "Pokea." Mama Mdogo akanywa, na neno lake halikusikika vizuri. Nikabaki mimi. Nilikunywa mbele ya watu wote wale, uji mwingine ukanichuruzika kidevuni, na nikasema "Pokea" kwa sauti kubwa kiasi kwamba mtu aliyekuwa dirisha la dawa aligeuka.

Fidelis akakishika kikombe cha bata kwa mikono miwili, akanywa. Hakukohoa. Alipomaliza alimgeukia mtoto wa jirani kwenye benchi, akamkabidhi kikombe kitupu, akasema, "Kea." Yule mtoto akachungulia ndani, akaona amedanganywa, akaangua kilio. Wa pembeni yake naye akaona amerukwa, akaanza. Haukupita muda benchi zima lilikuwa linadai zamu, na sista akanitazama kama mtu aliyetambua chanzo cha mlipuko.

"Chupa yenu iko wapi?" aliniuliza katikati ya kelele zile.

"Ina mbegu za mchicha."

Akaandika kwenye kadi. Mama Mdogo aliisoma mara tatu kabla hatujafika getini: anatumia kikombe, chupa imeachwa, aje mwezi ujao kama kawaida. Mara ya tatu alilia, huku anacheka, huku ananiambia nitazame barabarani, kuna baiskeli.

Matokeo yangu yametoka na nimepangiwa kidato cha tano, shule ya bweni mbali na hapa, kwa hiyo nastaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Babu anasema mstaafu lazima awe na mawazo. Yangu ni machache. Mtoto anayekataa hajaamua kukutesa, anakumbuka kitu ambacho wewe hukukumbuka. Sindano ni ya nguo. Ukikosea sema siku hiyo hiyo, hata kwa barua. Na usimpitishie mtu kitu juu ya kichwa ukidhani ni mdogo mno kuona, maana mimi nilimfanyia hivyo kwa huruma na nusura huruma hiyo imrudishe wodini.

Jana mchana nilikuwa nafunga begi. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna inayomtia wasiwasi mtu wa kazi yetu, nikatoka kuangalia. Fidelis alikuwa amekaa barazani, hana duara, hana mtu, amekishika kikombe alichoachiwa na mama yake, anakunywa. Nilichuchumaa karibu, nikanyoosha mkono kushikilia kitako cha kikombe kama nilivyozoea. Akausogeza mkono wangu pembeni kwa kiwiko, bila kunitazama, akaendelea kunywa.

Nikarudi chumbani kumalizia begi.